Majumba ya Unguja na Pembe Zilizotoka Kwetu

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliniuliza tofauti iliyopo kati ya jumba na gofu. Nilimjibu upesi kwamba jumba ni nyumba kubwa, na gofu ni jengo lililobomoka likaachwa bila wakaaji. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilipungukiwa. Kisiwani Unguja yako majumba mengi yaliyogeuka magofu, na habari zake zinatuhusu sisi wa Kivu na Maniema kuliko tunavyodhani.

Jumba la Mtoni, alimokaa Seyyid Said na alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, limebaki kuta tu kando ya bahari. Beit al-Hukm lilivunjwa na mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza hata saa moja. Kasri la Marhubi, alilolijenga Sultani Barghash, liliungua mwaka 1899. Leo mgeni huonyeshwa nguzo zisizobeba paa. Na lile lililoyashinda yote kwa fahari, Beit al-Ajaib la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake pamoja na mnara tarehe 25 Desemba 2020, likaua watu wawili.

Katika ajali hiyo ya mwisho hapakuwa na mzinga wala moto. Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na ndiyo sababu hata vyumba vya matajiri vilikuwa virefu na vyembamba. Nyumba ya namna hii haidumu pasipo kuhudumiwa. Paa likivuja, maji huingia ukutani, chokaa hulegea, boriti huoza. Kwa nje ukuta waweza kuonekana mzima huku ndani umekwisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitwaa nyumba nyingi za wenye mali na kuwapa makazi watu ambao hawakuwahi kuota kulala ghorofani. Mimi sioni kosa katika kugawa vyumba. Kosa lilikuwa kugawa vyumba pasipo kugawa gharama ya chokaa, kwani mpangaji hakuwa na fedha za kutengeneza paa, na kodi aliyolipa haikutosha kulitengeneza. Mwaka 2000 mji uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, lakini orodha haizuii mvua.

Wapo wasemao: na yaanguke! Yalikuwa majumba ya masultani na wafanya biashara ya watumwa; kwa nini maskini wa leo atozwe kodi ili kuyasimamisha? Hoja hii nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na haina upuuzi ndani yake. Hata hivyo siikubali.

Tuitazame nyumba ya Tippu Tip iliyopo Shangani. Mwenyewe alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki Unguja mwaka 1905, naye aliisimulia habari ya maisha yake kwa Kiswahili. Utajiri wake haukuota Shangani. Ulitoka Kasongo na Nyangwe, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ukapita Tabora, ukashuka pwani, ukiwa juu ya mabega ya wapagazi na katika minyororo ya mateka. Lugha ninayowafundisha ilipanda huku kwetu kwa njia iyo hiyo. Hatuna daftari la majina ya wale waliobeba pembe. Tuna nyumba. Ukuta ule ukianguka, unaanguka ushahidi wa deni, na atakayepata nafuu si mjukuu wa mpagazi.

Lakini sitaki pia nyumba zitengenezwe kama zinavyopendwa na baadhi ya waongozaji wa watalii, ambao husifu nakshi za mlango hadi mate yawakauke, wasiseme neno juu ya aliyeulipia. Nyumba ya tajiri ikikarabatiwa, kibao cha mlangoni kitaje mahali mali ilikotoka: karafuu za shamba gani, pembe za nchi gani, nguvu za nani. Na familia zinazoishi humo zisitimuliwe ili kupisha hoteli, maana zimekaa humo miaka mingi kuliko walivyokaa wengi wa matajiri wenyewe.

Sisi nasi tuna fungu letu. Vitabu vya shule vya upande huu wa ziwa huwataja Waarabu na misafara yao, kisha hunyamaza msafara unapofika pwani, kana kwamba pembe zilitumbukia baharini. Jumatatu nitachora ramani ubaoni: Kasongo, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Shangani. Kisha nitamrudishia mwanafunzi yule swali lake, alijibu mwenyewe.