MPANGAJI, BIMA YA BABA MWENYE NYUMBA HAIKUHUSU!

Vijana wenzangu wa Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala, tuambizane ukweli. Nani kati yetu amewahi kumuuliza baba mwenye nyumba: "Mzee, moto ukiwaka vitu vyangu atalipa nani?" Hakuna. Tunahesabu kodi ya miezi sita, tunampa dalali chake cha mwezi mmoja, tunaingiza godoro, redio na friji ya mkopo, tunalala.

Siku waya zilizochoka zikipiga shoti, ndipo kasheshe huanza. Hata kama mzee amekata bima, ile ni ya jengo: ukuta, bati, dari na milango. Kampuni inamlipa yeye. Godoro lako halimo, wala cherehani ya mpangaji wa chumba cha uani haimo. Na kuna baya zaidi ambalo wajanja hawalisemi. Ikithibitika kwamba moto ulitokana na uzembe wako, tuseme jiko uliloliacha likiwaka, kampuni ikishamlipa mzee inaweza kukugeukia wewe na kukudai.

Sasa tazama kiini macho cha Serikali ya CCM. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ikaanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni nani? Mpangaji! Mlalahoi anakatwa kodi ya jengo lisilo lake. Wakubwa wakasema eti tuelewane na wenye nyumba. Tuelewane kwa nguvu gani? Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango waliifuta wenyewe mwaka 2005. Ukifungua mdomo unaambiwa hama.

Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, vigogo walishtuka. Mwaka 2022 ikaja sheria ya bima ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Haya, na chumba cha Tandale chenye familia ya watu watano? Kimya.

Wala tusidanganyane kwamba bima ni mambo ya wazungu na wenye magari. Mpangaji anaruhusiwa kabisa kukatia bima vitu vyake mwenyewe, maana vikiungua ni yeye anayepata hasara. Inaitwa bima ya vitu vya nyumbani. Unaorodhesha mali, unalipa ada ya mwaka, ukipatwa na moto au wizi unadai fidia.

Ila uwe macho, ndugu yangu, maana hapa ndipo wengi huumia. Mali yako ni ya shilingi milioni 3, wewe ukaandikisha milioni 1.5 ili ada ipungue. Moto ukala vitu vya milioni 1. Unadhani utalipwa milioni yote? Thubutu! Uliandikisha nusu, basi kampuni ina haki ya kukulipa nusu: laki 5. Kwa wizi, hati nyingi hudai alama za kuvunjwa mlango au dirisha. Mwizi akiingia kwa ufunguo wa bandia wenzako watakucheka. Tunza risiti, piga picha za vitu, na likitokea kimbilia polisi upate RB, kisha Zimamoto upate ripoti yao. Hati ikiwa ya Kiingereza usitie sahihi mpaka wakala akueleze kwa Kiswahili neno kwa neno yale yasiyolipwa.

Kampuni nazo zisijifanye malaika. Zinapenda majumba ya Masaki. Chumba cha Manzese zinakiona hatari tupu. Na Serikali inayohubiri bima kila kukicha inatoza VAT juu ya ada hiyo hiyo. Bima ya maisha haitozwi. Bima ya godoro la mlalahoi inatozwa!

Akija mtaani kwako mgombea na fulana za bure, chukua fulana, kisha muulize mambo mawili mbele ya watu. Atasimama bungeni kudai VAT hiyo iondolewe kwa wapangaji? Na ile kodi ya jengo, lini itatoka kwenye LUKU ya mpangaji iende kwa mwenye jengo? Akianza kujikuna kichwa, msomee jibu la LUKU yako.