Anayetaka kukuuzia kitabu asianze kwa kukutoza

Hapa Muheza dalali wa machungwa huchukua chake mzigo ukishauzwa. Akidai fedha kabla, mkulima humwonyesha njia. Ajabu, mkulima huyohuyo akiandika riwaya, hulipia ahadi ya 'kutangazwa dunia nzima' iliyokuja kwa barua pepe, tena kwa dola!

Januari 2025, huko San Diego, Marekani, watu watatu walishitakiwa kwa madai ya kuwatapeli waandishi zaidi ya 800 dola milioni 44. Chambo kilikuwa wachapishaji wakubwa na filamu. Kila ada ilizaa ada nyingine.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ilipotolewa mara ya kwanza 2023, ilimpa mshindi Sh milioni 10. Fedha ilikwenda kwa mwandishi. Huyo anayekusifu na muswada hajausoma, muulize atanunua nakala ngapi.