AFYA YA NYUMBANI: Uvimbe wa Ngozi na wa Tezi

Mwezi uliopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Biharamulo, naye atuuliza juu ya mguu wa baba yake. Mzee huyo, asema, ana madoa meusi yaliyoinuka, mengine yalingana na punje za kunde, tangu wayoni mpaka chini ya goti, na mguu wenyewe umevimba ukawa mgumu kama gogo. Haumuumi sana. Amepigwa chale mara mbili na waganga wa kienyeji, na sasa akataa kwenda hospitali kwa kuwa amesikia kwamba huko atakatwa mguu. Tutamjibu mama huyu. Lakini kabla ya jawabu yatupasa kukiri jambo letu wenyewe, wasomaji wasije wakadhani kwamba twawafundisha wengine hali sisi hatukupata kukosea.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Ngara, mzazi mmoja alituletea mwanawe wa miaka sita, mwanafunzi wetu aliyekuwa akisoma juzuu ya Amma. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba, na meno mawili ya upande ule yalikuwa yakilegea. Mama yake akasema, "Maalim, nakuomba umwandikie kombe, jino lamsumbua mno." Nasi tukaona kweli ni jino. Tukaandika kwa zaafarani katika sahani nyeupe, tukaosha kwa maji, mtoto akanywa. Ijumaa ya pili shavu lilikuwa limezidi, tukaandika tena. Ijumaa ya tatu jicho la upande ule lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Siku ile alikuja madrasa bibi mmoja, muuguzi aliyestaafu, kumchukua mjukuu wake. Alimtazama mtoto yule mara moja tu, akatuita kando akasema, "Maalim, huyu asingoje kesho."

Maradhi yale yana jina, na jina lake latoka kwa jirani zetu. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mmoja mpasuaji aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Hakupata kuona jambo kama lile. Baada ya muda si mrefu, alipokuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Hapo akatambua kwamba haya si majipu ya meno wala si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Akapekua vitabu vya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari yake, kisha akatuma karatasi zenye picha kwa madaktari wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa motokaa iliyokuwa kuukuu, mwendo wa maili kama 10,000, wakipita Tanganyika na kuendelea kusini, wakiuliza katika kila hospitali: je, mmeona watoto wa namna hii? Wakaona kwamba maradhi hayo ni mengi katika nchi za joto na mvua, penye mbu, na ni haba katika nchi za juu zenye baridi.

Mwaka 1964 wataalamu wa London, Anthony Epstein na wenzake, waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo uliopelekwa kwao kwa ndege kutoka Uganda. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho, wala hakimdhuru. Lakini mtoto mdogo ambaye malaria yampiga mara kwa mara, kinga yake huchoka, na tezi zake huweza kugeuka zikawa saratani. Basi chandarua kina faida kubwa kuliko tulivyodhani, na watu wa Biharamulo, ambako malaria bado imo, wasikifanye wavu wa kufugia kuku. Tumeona kwa macho yetu.

Uvimbe huu hukua upesi mno, hata kwa siku mbili tatu mtu huweza kuona tofauti. Kwa hiyo Ijumaa zetu tatu hazikuwa kitu kidogo. Lakini lililo la ajabu ni kwamba uvimbe ukuao upesi namna hii huyeyuka upesi pia ukipata dawa. Tangu miaka ile ya 1960 madaktari wa Kampala waliona watoto wakipona kwa dawa za mishipani, na mwaka 1967 wakajenga pale Mulago mahali maalumu pa maradhi haya, ambapo sasa ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa hizo hung'oa nywele na kutapisha, na mzazi asiyeambiwa mapema hudhani mwanawe anauawa, akamtorosha usiku. Nywele huota tena.

Hatusemi kwamba dua haifai. Dua na isomwe, na mgonjwa awe njiani akienda kwa daktari. Kwani tumeamrishwa tujitibu, na mwalimu asomaye mashairi ya tajwidi hakusomea tezi.

Ama tezi ni nini? Katika mwili wa kila mmoja wetu mna vifundo vidogo, shingoni, makwapani, kinenani na ndani ya tumbo na kifua, navyo ni vituo vya kulinda mwili. Mtoto akijikwaa na kidole kikatunga usaha, tezi ya kinena huvimba ikauma, ndiyo watu waiitayo mtoki. Kidonda kikipona, mtoki hurudi. Huo si wa kuogopa. Wa kuogopa ni ule usiouma. Tezi iliyovimba, ngumu au yenye kunepa kama mpira, haina kidonda kilichoileta, na wiki tatu au nne zimepita haijarudi, hiyo yataka kupimwa. Na ikiwa mtu atoka jasho la kulowesha shuka usiku, ana homa za jioni na nguo zake zampwaya, asingoje hata hizo wiki.

Hapa pana mtego ambao hata wauguzi hunaswa nao. Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake, bali huingia katika tezi za shingo, zikavimba pasipo maumivu, zikashikana, mwisho zikapasuka na kutoa usaha. Jasho, homa na kukonda ni dalili zake pia. Saratani ya tezi nayo huja kwa dalili zizo hizo. Mtu hawezi kuzipambanua kwa kushika kwa vidole, awe mganga au awe daktari. Kifua kikuu hutibiwa kwa vidonge vya miezi sita, navyo hutolewa bure nchini mwetu, na mgonjwa hupona. Lakini akipewa vidonge hivyo aliye na saratani, miezi sita itapita naye azidi kuharibika. Kwa sababu hiyo mgonjwa aliyeanza dawa za kifua kikuu na baada ya miezi miwili tezi zazidi kukua, arudi aseme, wala asione haya kuuliza, "Je, nyama yangu ilipimwa?"

Kupima kwenyewe ni hivi. Daktari huingiza sindano nyembamba katika tezi akavuta chembe kidogo, au hupiga ganzi akakata kipande, ama akatoa tezi nzima. Kipande hutiwa katika dawa ya kukihifadhi, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na mtaalamu huvitazama kwa darubini. Wengi husema kwamba kisu huichokoza saratani ikatawanyika. Neno hili limewaua watu wengi huku kwetu. Kipande kidogo kilichokatwa na daktari ndicho kimwambiacho ni dawa gani ya kutumia. Pasipo hicho hutibu kwa kubahatisha. Zichokozazo ni chale za wembe mmoja kwa watu wengi, na chuma cha moto, na majani yafukizwayo juu ya kidonda mpaka kikaoza.

Mara nyingi kipande hicho husafirishwa mpaka hospitali kubwa ya Bugando, Mwanza, na majibu huchukua wiki kadhaa. Basi tuandikishe jina sawasawa na nambari ya simu iliyo hai, na siku zikipita tuulize. Majibu mangapi yamekaa kabatini kwa kuwa mwenyewe alirudi Rulenge akangoja aitwe!

Sasa tuje kwenye ngozi. Si kila uvimbe ni balaa. Kivimbe laini chini ya ngozi, kitelezacho ukikibonyeza na ambacho kimekaa vile vile miaka kumi, aghalabu ni mafuta tu. Chunjua ni chunjua. Rovu la mbele ya koo ni jambo jingine, mara nyingi hutokana na upungufu wa madini ya joto, na chumvi yenye madini hayo hukinga. Lakini rovu likuzalo upesi au lenye kuikausha sauti nalo lipimwe.

Vitu vitatu vya ngozi twawaomba wasomaji wavikumbuke. Cha kwanza ni kovu la moto, au donda ndugu la mguu lililokaa miaka mingi. Donda kama hilo likianza kuota nyama ukingoni, likanuka na kutoka damu, huenda limegeuka saratani, na likiwahiwa hukatwa likaisha. Cha pili ni doa jeusi wayoni au chini ya ukucha, ambalo lapanuka na mipaka yake si sawa. Watu weusi hudhani saratani ya namna hiyo ni ya Wazungu. Kwetu hukaa wayoni, mahali ambapo mtu hajitazami.

Cha tatu ni ndugu zetu wenye ualbino, ambao zamani tuliwaita zeruzeru, jina lisilofaa. Ngozi yao haina rangi ya kuizuia jua, na jua huanza kuwaunguza tangu utotoni. Kidonda cha mdomoni, sikioni au shingoni kisichopona kwa mwezi mmoja ni cha kupelekwa hospitali, nacho kikiwa kidogo huondolewa kwa kugandishwa au kukatwa siku moja mtu akarudi kwake. Twajua maovu waliyotendewa katika Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2006 na 2007, na mwaka 2024 tulisikia la mtoto wa Muleba, jirani zetu. Wazazi huwaficha kwa hofu, nao wana haki ya kuhofu. Lakini mtoto aliyefichwa haendi kwa daktari wa ngozi, na saratani ya ngozi yawaua wengi kuliko mapanga. Kofia pana, mikono mirefu, na kukaa kivulini saa za adhuhuri ni kinga. Yako pia mafuta ya kujikinga na jua yatengenezwayo Moshi kwa ajili yao, yaitwayo Kilisun. Wanafunzi wetu wawili wa namna hii tumewahamishia upande wa ukuta usiopigwa na jua, tukaona aibu kwamba hatukulifanya hilo mapema.

Turudi kwa mama wa Biharamulo. Madoa ya baba yako, mama, yafanana na maradhi yaitwayo Kaposi, kwa jina la tabibu wa Vienna aliyeyaandika mwaka 1872. Twasema yafanana, kwani sisi hatukumwona. Huanzia katika vijishipa vya damu, huweka madoa meusi au ya zambarau, huvimbisha mguu na tezi, na wakati mwingine huonekana kwenye kaakaa. Mfunue kinywa umtazame. Kirusi chake kilijulikana mwaka 1994.

Huenda majirani wamekwisha kunong'ona, kwa kuwa maradhi haya yalienea sana pamoja na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza Tanzania walijulikana mwaka 1983 mkoani mwetu Kagera, siku zile watu wakiuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Lakini Kaposi ilikuwapo Uganda, Kongo na kwetu kabla ya UKIMWI kujulikana, nayo ilikuwa ikiwashika hasa wazee wanaume, miguuni, polepole. Basi mtu asimdhanie mzee vibaya. Damu yake na ipimwe, kwa kuwa akiwa na virusi vya UKIMWI, vidonge vyake, ambavyo ni bure, ndivyo msingi wa tiba, na madoa ya wengine hunywea kwa vidonge hivyo tu. Asipokuwa navyo, au maradhi yakiwa mengi, hutiwa dawa za mishipani kila baada ya wiki mbili au tatu, na mguu hulainika. Kukatwa mguu si tiba ya kawaida ya maradhi haya. Mwambie hivyo, na umwambie kwamba kitakachokatwa siku ya kwanza ni kipande kisichozidi punje ya dengu, kwa ganzi.

Anzeni hospitali ya wilaya hapo Biharamulo, mpate barua ya rufaa ya Bugando, ambako kuna idara ya saratani. Ikihitajika mionzi na wakaona vema, wataweza kumwandikia Ocean Road, Dar es Salaam. Njia ya Mwanza imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, hamtalala tena mkingoja kivuko. Fedha zikipungua, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali kabla hamjauza shamba.

Na yule mwanafunzi wetu? Alikaa Mwanza miezi, akarudi na kichwa kama yai, shavu limeshuka. Sasa amekwisha kuhitimu juzuu ya Amma na nyingine mbili. Jicho la kulia haoni nalo, kwa hiyo tumemkalisha upande wa kushoto wa ubao.