MAHARAGE HAYANA KOSA, TUACHE KUCHEKANA

Ndugu Wanaushirika,

Leo tunagusa jambo ambalo kila mtu analijua ila halisemwi: ushuzi. Wazee watuwie radhi. Tunalisema kwa sababu linatupunguzia chakula.

Hapa kijijini wapo wanaokataa maharage siku moja kabla ya mkutano, wakiogopa tumbo litawaaibisha mbele ya wakwe. Zipo nyumba zinazouza maharage yote, watoto wanabaki na ugali na mboga ya chumvi, eti maharage yanajaza upepo. Na mtu akiponyokwa mara moja tu, anatajwa kisimani mwezi mzima. Maoni yetu ni kwamba hiyo ni hasara ya bure.

Hebu tuangalie jambo lenyewe. Maharage yana sukari za namna yake, ziitwazo rafinosi na stakiosi. Tumbo la binadamu haliwezi kuziyeyusha, basi zinapita nzima mpaka utumbo mpana. Huko vipo vijidudu vinavyozichachusha, kama togwa inavyochachuka, na hewa inatokea. Hewa ile lazima ipate mlango! Sehemu kubwa yake haina harufu kabisa. Kinachonuka ni hewa zenye salfa, nazo hazifiki hata sehemu 1 katika 100.

Mwaka 1991 wataalamu wa Sheffield, Uingereza, walitangaza matokeo ya kuwapima watu 10 wenye afya, waliokula chakula chao cha kawaida pamoja na gramu 200 za maharage. Kwa siku moja, aliyetoa hewa kidogo alitoa mililita 476, na aliyetoa nyingi mililita 1,491, yaani karibu lita moja na nusu. Wanawake na wanaume walikuwa sawa. Kwa hiyo, ndugu, hata yule anayenyoosha kidole naye ana kipimo chake.

Dawa siyo kuyakimbia maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yapike kwa maji mapya mpaka yalainike sawasawa. Sukari zile nyingine zitaondoka na maji. Asiyeyazoea aanze na kidogo. Tena tule polepole, maana hewa nyingine tunaimeza wenyewe kwa pupa.

Tukumbuke tunachokimbia. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, na madini ya chuma pia. Yakiliwa na ugali, kinachopungua kwenye mahindi kinajazwa na maharage. Nyama hatuipati kila siku, maharage tunayalima wenyewe.

Hatusemi watu waache adabu. Aliyebanwa atoke nje kidogo, halafu arudi. Sisi tuliobaki ndani tuendelee na ajenda. Lakini tumbo likiuma sana, au mtu akiona damu chooni, au akikonda bila sababu, hilo si la kucheka wala la kunyamazia. Aende zahanati. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi tunaomba hivi: msimu huu kila nyumba ijiwekee kwanza maharage ya kula, yanayozidi ndiyo yaje ghalani. Kucheka tucheke, lakini tukiwa tumeshiba.

Ni sisi,
Kamati ya Ubao