Usipime fibroidi kwa sentimita pekee

Akina mama wanaoniletea karatasi ya ultrasaundi huuliza swali lile lile: "Daktari, uvimbe ni mkubwa kiasi gani?" Siwalaumu. Hata sisi tulifunzwa hivyo, na wengi wetu bado humrudisha mama nyumbani kwa kuwa fibroidi yake "ni ndogo tu". Kwa maoni yangu hilo ni kosa.

Nilimhudumia karani mmoja aliyekuwa amerudishwa nyumbani mara mbili na hospitali moja kwa maneno hayo. Alikuwa akipumzika kila orofa akipanda ngazi za ofisini. Hemoglobini yake ilikuwa 5, badala ya angalau 12.

Fibroidi si donge lililolala tu katika mji wa mimba. Seli zake, pamoja na zile za kinga ya mwili, hutoa protini ziitwazo saitokini. Mwili huzitumia kupashana habari penye jeraha au ugonjwa. Kidonda kikipona, hutulia. Kwenye fibroidi hazitulii. Moja yao, TGF-beta, huchochea nyuzi ngumu kama za kovu zizidi kujengwa, ndiyo maana uvimbe huu huwa mgumu. Tena hufika kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba na kuvuruga namna damu inavyoganda.

Ongeza hapo mahali ilipoota. Fibroidi ndogo kama zabibu iliyochomoza kwa ndani yaweza kumtoa mama damu kuliko iliyo kubwa kama chungwa lakini imeota upande wa nje. (Wengi wanazo wala hawasumbuki, na hao wasitiwe hofu.)

Nao wauza chai za "kuzima moto wa fibroidi" wamezuka kila mahali. Kujua kwamba saitokini zinahusika si kuwa na dawa ya kuzizima. Dawa hiyo haijafika hata hospitalini. Kilichopo ni kama asidi ya traneksamiki, ambayo hupunguza damu bila kuyeyusha uvimbe, dawa za homoni, na upasuaji.

Kwa hivyo dada, ukilazimika kubadilisha sodo kila saa, ukitokwa na mabonge, au hedhi ikipita siku 7, usingoje uvimbe ukue. Dai upimwe hemoglobini siku hiyo hiyo, kisha uulize: fibroidi hii imeota wapi?