Wepesi wa Mzigo si Ufukara

Wako watu wa mijini ambao kila wakiwataja wenzetu wa Mto Tana huwasifu kwa jambo moja: kwamba hawana makuu, nyumba zao hazina makorokoro, na kwa hivyo wana raha ya moyo tuliyoikosa sisi. Sifa hiyo mimi naikubali nusu na nusu naikataa. Na kwa kuwa jambo lenyewe lagusa dini na desturi zetu, yafaa tulitazame vizuri.

Chukua mfano wa Ndera, ukingoni mwa mto, kaskazini ya Garsen. Mkulima wa huko hutegemea maji ya mto yapande yalainishe shamba, kisha yashuke apate kupanda mpunga, mahindi na migomba. Lakini mto huohuo haukawii kugeuka adui. Mafuriko ya 1961, ya 1997, ya 2018, ya 2023 na ya 2024 yalichukua mazao na nyumba, watu wakahamia penye mwinuko na kile walichoweza kukibeba tu. Anayeishi hivyo hahitaji kufundishwa kwamba mali nyingi ni mzigo.

Wapokomo wa juu, Ndera ikiwemo, wengi wao ni Waislamu; wa chini, pande za Ngao na Golbanti, wengi ni Wakristo. Na hao majirani zetu Wakristo wana habari ambayo hapana ubaya Mwislamu kuisikia. Huko Ujerumani, katika mji wa Neukirchen, mchungaji Ludwig Doll alifungua nyumba ya mayatima mwaka 1878, na mwaka 1882 akaanzisha chama cha misheni. Kanuni yake ilikuwa ngeni: wamisionari wake hawakuahidiwa mshahara. Waliambiwa wamtegemee Mungu, wapokee kitakachokuja, waishi kwa hicho. Mwaka 1887 watu wa misheni hiyo wakafika Tana, na Ngao ikawa kituo chao. Dini yao si yetu, na walikuja kuhubiri yasiyokuwa yetu. Hata hivyo, mtu anayeacha kwao bila ahadi ya mshahara kwa ajili ya anachokiamini, ametufundisha kitu juu ya kukinai.

Sisi nasi hatukuanza jana. Imamu Ghazali, katika Ihya yake, aliuweka ufukara na zuhudi katika kitabu kimoja, lakini akavitenga. Fukara ni yule aliyekikosa anachokihitaji. Mwenye zuhudi ni yule ambaye dunia imemjia naye akaipa mgongo. Humo amesimulia kwamba Ibn Mubarak alipoitwa zahidi alikataa, akasema jina hilo ni la Umar bin Abdul Aziz, kwani yeye dunia ilimjia akaiacha. Ama mimi, nimeacha nini?

Hapo ndipo ninapoikataa ile nusu ya pili ya sifa. Mama wa Ndera ambaye mafuriko yamemchukulia magunia yake ya mpunga hakuchagua wepesi wa maisha. Kumwita mkinaifu ni kumfanyia dhihaka. Tena mto wenyewe haumo tena katika hali yake ya zamani: tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988 yalijengwa mabwawa matano huko juu, na umeme wake huwasha taa za watu wa mbali. Aliye mbali, mwenye taa na friji, hana haki ya kumsifu aliye gizani kwa utulivu wa giza lake. Kinachomfaa huyo ni ghala lililo juu ya mwinuko, mbegu za kupandia maji yakishuka, na zahanati isiyozama.

Zuhudi ni wajibu wa mwenye nacho, yaani sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu ambao dunia imetujia hata kama ni kidogo. Nasi tumefanyaje? Arusi ambayo sharia yataka walii, mashahidi wawili na mahari yaliyoridhiwa, tumeifanya shughuli ya siku nne, sare kila siku, na mapambo ya kukodi. Baba hukopa ili asichekwe. Maharusi huanza maisha na deni. Sebule imejaa makochi ambayo watoto hawaruhusiwi kuyakalia. Hata matanga, ambayo sunna ni jirani kuwapelekea chakula wafiwa, yamegeuka wafiwa kuwapikia jirani. Na Sura ya Al-Israa imewahesabu wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Hilo twalisoma kila mwaka Ramadhani, kisha tukitoka twaenda kuchagua mapazia mapya.

Wala nisifahamike kwamba nasema tuvae magunia. Kitu kizuri ni neema. Lakini uzuri hauhitaji wingi. Wimbo wa taifa letu ulipotafutiwa sauti mwaka 1963, haukuletwa kwa gharama kutoka ng'ambo. Ulichukuliwa kwa mama Mpokomo anayembembeleza mwanawe, na mpaka leo twausimamia wima.

Basi rai yangu ni hii. Wazee wa mitaa na maimamu wakae, wakubaliane kiwango cha arusi na matanga, na matajiri ndio watangulie kukifuata, kwa maana maskini akipunguza huambiwa hana, tajiri akipunguza huigwa. Na kitakachobaki kisirudi madukani. Kipelekwe Tana kabla ya masika, wakati ghala laweza kujengwa, si baada ya watu kukaa juu ya mapaa. Kupunguza mzigo wako bila kumpunguzia mwenzio hiyo si zuhudi, ni usafi wa nyumba tu.