UA LINALOTAMBAA NA MSONOBARI

Ndugu wanakijiji,

Katika darasa letu la kisomo yalizuka mabishano: kati ya lile gugu linalotambaa, lenye maua kama tarumbeta, na mti wa msonobari, kipi bora? Wengi walisema msonobari. Unasimama wenyewe, masika na kiangazi ni kijani. Gugu lile linapanda mgongoni mwa mtama, linachanua asubuhi, jua likikaza ua limenyauka na mtama umelala chini.

Hapo tunakubali. Lakini mabishano yametoka darasani yameingia kwenye ushirika. Wapo wenzetu wanaotaka shamba letu la bondeni tupande misonobari, maana wamesikia Mufindi watu wanapata pesa ya mbao. Jamani, tusidanganyane. Mufindi kuna baridi na mvua ya kutosha, na hata huko msonobari wa mbao unangojewa karibu miaka 20. Kwetu Shinyanga mvua ni kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, tena haina ahadi. Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ilipoanza mwaka 1986 nchi yetu ilikuwa inageuka jangwa. Iliyoirudishia kivuli zaidi ni ngitili na migunga yetu wenyewe, siyo misonobari.

Tena tusiutukane ukoo mzima wa lile gugu. Ndugu yake ni kiazi kitamu! Tazameni maua yao, yamefanana. Kiazi nacho kinatambaa, hakina urefu wa kujivunia, lakini kwa miezi minne au mitano kinatupa chakula, na michembe na matobolwa ya kutuvusha kiangazi. Mali yake iko chini ya udongo. Watu wa Maganzo hatuhitaji kufundishwa hilo: almasi ya Mwadui haikuning'inia juu ya mti, Williamson aliikuta ardhini mwaka 1940.

Basi tunashauri hivi. Bondeni tuweke kitalu cha marando, tukinyweshe kiangazi chote, ili mvua ikianza kila kaya ipate mbegu. Kila mwaka wangapi wanazunguka kwa majirani kuomba marando na wanakosa? Miti nayo tupande, ila ya kwetu, pembeni mwa shamba na kwenye ngitili.

Mkutano wa ushirika unakuja. Njooni, akina mama msibaki nyuma, maana shamba la viazi mnalijua kuliko sisi. Atakayenyamaza siku hiyo asije akalalamika mbele ya chungu kitupu.

Katibu wa Chama,
Maganzo